UZI: Jaketi la mvua la kupandia Kilimanjaro. Ukishalinunua, limwagie maji nyumbani kabla hujalipeleka mlimani

#1 Mgumu wa Machame

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 9 Desemba inakaribia, na kama kila mwaka kuna Watanzania wenzetu wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro Siku ya Uhuru. Wiki hii nimepigiwa simu na watu wanne na wote wameniuliza swali moja: "Kaka, ninunue jaketi gani la mvua?" Nimeona niandike hapa mara moja, kila mwenye shida asome.

Nilianza mlimani kama mgumu, yaani mpagazi. Nimebeba mizigo miaka sita, sasa naongoza wageni. Sitawatajia jaketi moja la kampuni fulani nikasema hilo ndilo. Ninachotaka mtoke nacho kwenye uzi huu ni namna ya kulipima jaketi lolote, la mtumba au la dukani, kabla halijakupima lenyewe.

Wengi wanaotoka Dar au Tanga wanaogopa baridi ya kileleni tu. Baridi kavu inavumilika ukiwa na nguo. Kinachoangusha watu ni kulowa chini halafu kupanda juu ukiwa umelowa. Desemba bado ni vuli, na msitu wa upande wa kusini, njia za Machame, Umbwe na Marangu, unapata mvua kuliko upande wa Rongai. Geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi. Kambi ya kwanza iko karibu mita 3,000, Shira ni 3,800 na kitu, Barafu ni 4,600 na kitu, na kilele ni 5,895. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi 6. Sasa piga hesabu mwenyewe. Umelowa siku ya kwanza msituni kukiwa na nyuzi 15, siku ya pili uko Shira, usiku maji ya kwenye chupa yanaganda, na ile nguo haijakauka. Huko juu nguo haikauki ndani ya hema, labda jua likuonee huruma. Na maji yanaiba joto la mwili kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa.

Aprili 2012 nilikuwa na jaketi jipya kabisa. Nililinunua dukani kwa hela ya tipu ya safari mbili, lebo inasema halipitishi maji. Tulitoka getini saa tano asubuhi, mvua ikaanza saa sita. Saa nane nilihisi ubaridi mwembamba kwenye bega la kushoto, chini ya mkanda wa begi, kama mtu ananigusa na kidole kilicholowa. Nikajua ni jasho. Saa tisa bega lote, saa kumi mgongo. Kesho yake kabla ya kufika Shira mikono ilikuwa haifungui zipu. Nilikuwa natetemeka, halafu kutetemeka kukakoma, na nikaanza kuwajibu wenzangu maneno yasiyoeleweka. Mgumu mmoja mkubwa kwangu ndiye aliyeshtuka. Alinivua kila kitu cha juu pale pale njiani, akanivalisha sweta lake kavu, juu yake akanivika mfuko mkubwa mweusi wa taka alioutoboa matundu matatu, akaninywesha chai ya sukari nyingi. Ule mfuko ndio ulionifikisha kambini, jaketi nikalibeba mkononi.

Nilipolichunguza nikiwa Moshi niliona tatizo mara moja. Mshono wa bega haukuwa na tepu kwa ndani. Kitambaa kilikuwa kizuri kabisa, maji yalikuwa yanaingia kwenye matundu ya sindano. Ningelisimamisha bombani dakika ishirini kabla ya safari ningeliona hilo nikiwa nyumbani, karibu na jiko.

Naendelea na namna ya kupima kwenye posti inayofuata, ngoja nile kwanza.

#2 BintiMwanza

Shukrani sana kaka. Mimi ni mmoja wa wanaopanda tarehe hizo, mara yangu ya kwanza. Nimenunua jaketi la mtumba hapa Mwanza, ndani kuna lebo ndogo ya Gore-Tex. Rafiki yangu ananiambia likishakuwa na hiyo lebo nisihangaike. Ni kweli?

#3 Mgumu wa Machame

Dada, hongera kwa kujipanga mapema. Hiyo lebo ni dalili njema, ila inakueleza jaketi lilivyozaliwa, haikuelezi lilivyo leo.

Ngoja nieleze kidogo ndani kuna nini. Jaketi la namna hiyo lina kitambaa cha nje, na nyuma yake umegandishwa utando mwembamba sana. Ule wa Gore ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969. Aliivuta ghafla plastiki iitwayo PTFE, ile ile ya kwenye vikaango visivyogandisha chakula, ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo visivyohesabika. Tone la maji haliwezi kupenya kwenye vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho unapita. Majaketi ya kwanza ya kitambaa hicho yaliingia sokoni miaka ya 1970. Mengine, hasa ya bei nafuu, yana upako wa PU, yaani plastiki ya poliurethani, ndani badala ya utando huo. Hayo nayo yanazuia maji, lakini upako wake unazeeka. Ukihifadhiwa kwenye joto na unyevu unaanza kunata, kisha unabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Majaketi ya mtumba yamekaa kwenye marobota miezi na miezi, kwa hiyo hilo utakutana nalo.

Juu ya kitambaa cha nje kuna dawa inayofanya maji yajikunje kuwa shanga na kuteleza. Dawa hiyo ikiisha utando bado unazuia maji, lakini kitambaa cha nje kinakunywa maji na kuwa kizito na baridi, mvuke wako unakosa pa kutokea, na unalowa kwa jasho lako mwenyewe. Watu wengi wanaosema "jaketi langu linavuja" wako kwenye hali hii. Halivuji, limeziba.

Kwa hiyo ukiwa bado sokoni fanya hivi. Ligeuze nje ndani. Pitisha kidole gumba juu ya tepu ya kila mshono, hasa mabegani, kwapani na pale kofia inaposhikana na shingo. Tepu ikinyanyuka pembeni, rudisha. Kunja kitambaa na ukitandue. Ukisikia kinanata au ukaona unga mweupe, rudisha. Angalia kola kwa ndani, maana hapo ndipo mafuta ya ngozi, jasho na losheni ya jua vinapokaa, na utando huanza kuachia hapo kabla ya kwingine. Ukiona malengelenge, rudisha. Halafu weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Hewa ikipita upande wa pili, hilo ni jaketi la matembezi ya mjini.

#4 Fundi Memorial

Niongezee kitu mkuu, mimi nafanya biashara soko la Memorial hapa Moshi. Majaketi yanayoletwa mengi ni ya kuteleza kwenye theluji. Yana bitana nene ndani, kwa hiyo mteja haoni mshono wala tepu, anaona jaketi limejaa anafurahi. Ukiuliza wauzaji wengine watakwambia ndilo la Kilimanjaro hilo. Kwa baridi linafaa, lakini likilowa hilo pamba la ndani linakunywa maji na halikauki safari nzima. Wateja wangu wanaopanda nawashauri wachukue jaketi jepesi la mvua lisilo na kitu ndani, na la joto wanunue peke yake. Nauza pungufu lakini nalala vizuri.

Na mtu akija kununua mruhusu alijaribu akiwa amevaa nguo zote. Juzi kijana kachukua jaketi limemkaa vizuri juu ya fulana. Nikamwambia vaa flisi na sweta. Mikono haikunyooka.

#5 Mgumu wa Machame

Fundi, umenena. Hilo la vipimo nilikuwa nalisahau. Usiku wa kuelekea kileleni jaketi la mvua linakaa juu ya kila kitu, kwa sababu kazi yake kule si mvua tena, ni upepo. Kwa hiyo lazima liwe kubwa kiasi, na kofia yake ipite juu ya kofia ya sufu na tochi ya kichwani.

Sasa upimaji wenyewe. Mimi huwa nachukua jioni mbili.

Jioni ya kwanza, beseni. Chukua sehemu ya bega, itumbukize katikati ya bakuli tupu ili kitambaa kifanye kikombe, upande wa nje ukiwa juu, mimina maji lita moja, acha saa moja. Chini ya kitambaa tandika gazeti kavu. Baada ya hapo ndipo kipimo chenyewe kinaanza: shika kile kikombe kwa chini, finya na usugue kwa vidole kama unayefua kola. Mkanda wa begi unafanya kazi hiyo hiyo bega zima siku nzima. Kitambaa kinaweza kuzuia maji yaliyotulia na kikashindwa yakisukumwa. Zile namba za 10,000 au 20,000 mnazoziona kwenye lebo ni milimita za urefu wa maji kitambaa kinazohimili kikiwa kipya, na ndiyo maana namba kubwa inahitajika pale panapobanwa: mabegani, kiunoni, na makalioni ukikaa kwenye jiwe lililolowa.

Jioni ya pili, bafuni. Hapa ndipo pa maana kuliko pote, msiruke. Vaa fulana ya pamba ya rangi ya kijivu. Nimesema kijivu kwa makusudi, kwa sababu kwenye kijivu hata tone moja linaonekana doa jeusi, kwenye nyeupe au nyeusi hulioni. Vaa jaketi, funga kila kitu, vaa begi lenye kilo nane au kumi. Simama chini ya bomba la mvua, au mwite mdogo wako akumwagie kwa mpira wa bustani, dakika ishirini kamili kwa saa. Dakika tano za kwanza simama tu. Halafu inua mikono kama unashika jiwe pale ukuta wa Barranco. Tazama juu. Tazama chini. Geuza shingo kulia na kushoto uone kama kofia inageuka na wewe au inabaki imekuziba jicho. Begi lisivuliwe muda wote huo.

Ukimaliza, toka, jifute uso na mikono, ndipo uvue. Usivue ukiwa unatiririka, maji ya nje yataingia ndani na utalilaumu jaketi bure. Kisha isome fulana kama ramani. Doa dogo lililo kwenye mstari ni mshono. Doa pana chini ya mkanda wa begi ni kitambaa kimechoka. Mstari kifuani ni zipu. Vifundo vya mikono vikilowa hadi kwenye kiwiko, kaza ule mkanda wa kwenye mkono na urudie. Na kwa kuwa ulikuwa umesimama, hukukimbia, huna haja ya kubishana na mtu kama ni jasho.

#6 Kibo Mkongwe

Kijana, umeandika vizuri, lakini niruhusu nipingane. Nimepanda mlima huu kabla hamjazaliwa. Tulivaa makoti ya mitumba na nailoni ya kufunikia mahindi, na tukafika, wageni wakafika. Mnawatisha watu. Poncho ya plastiki inatosha msituni, na juu ya hapo hakuna mvua, kuna theluji, ambayo unajikung'uta tu. Msiwafanye vijana wetu waone mlima ni wa wenye hela.

#7 Mgumu wa Machame

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe upande mmoja kwa moyo wote. Poncho kwa mgumu ni bora kuliko jaketi, na watu wa nje hawalijui hili. Mgumu anabeba mzigo kichwani au shingoni. Hawezi kuvaa kofia ya jaketi. Maji yanatiririka kwenye gunia, yanafika kisogoni, yanaingia kwenye kola na kushuka na uti wa mgongo, hata jaketi liwe la milioni. Nimeyapitia hayo miaka sita. Poncho pana inayofunika mzigo na mtu kwa pamoja ndiyo inayomsaidia, na hewa inapita chini hivyo hachemki.

Lakini mzee, juu ya msitu poncho inageuka tanga. Pale Shira uwanda uko wazi, upepo unaipandisha hadi usoni, na kwenye ukuta wa Barranco huoni unapokanyaga. Na kwamba juu ya msitu hakuna mvua, hapo sikubali. Lava Tower, mita 4,600, nimenyeshewa mvua ya barafu iliyochanganyika na maji, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Theluji ya baridi kali ni kavu, unajikung'uta kama ulivyosema. Theluji ya kwenye nyuzi sifuri ni maji yaliyochelewa.

Kuhusu hela niko na wewe pia. Ndiyo maana uzi huu ni wa kupima, mtumba wa bei ndogo uliofaulu bafuni unalishinda jaketi jipya lisilopimwa. Na kwa wagumu wenzangu mnaosoma: KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi wanaazimisha nguo za mlimani bure kwa wapagazi. Nenda kabla ya safari, usisubiri kulowa. Wageni nao, mnapochagua kampuni, ulizeni wagumu wanavaa nini. Mgeni ana tabaka nne na kijana aliyembebea hema amelowa chapachapa nyuma yake, mimi hali hiyo inaniuma na nitaendelea kuisema.

#8 Kibo Mkongwe

Marahaba. Hapo kwenye wagumu umenigusa. Sina la kuongeza, isipokuwa hiyo Lava Tower kweli ina visa vyake.

#9 Mswahili wa Aberdeen

Wakuu salaam kutoka Uskoti. Mimi ni mzaliwa wa Arusha, niko huku kwa kazi, na nimeanza kupanda milima ya Cairngorms majira ya baridi. Milima yenyewe mifupi ukilinganisha na yetu, Ben Macdui ni mita 1,309 tu, ila msiidharau. Juu ya Cairn Gorm mwaka 1986 ulipimwa upepo wa maili 173 kwa saa, zaidi ya kilomita 270. Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Asubuhi unaanza na mvua ya kawaida, mchana theluji tepetepe, jioni kila kilicholowa kimekuwa barafu, yote kwenye siku moja.

Huku nimejifunza mambo ambayo nikipanda kwetu sikuwahi kuyawaza. Kwanza kofia: lazima ikae juu ya helmeti na iwe na waya kwenye ukingo, kwa sababu upepo unarusha chembe za barafu usoni kama mchanga. Pili mifuko: ile ya pembeni ikifunikwa na mkanda wa kiunoni wa begi haina kazi, nataka ya kifuani. Tatu, na hili ndilo kubwa: fungua na ufunge kila kitu ukiwa umevaa glavu nene. Nina jaketi zuri sana lenye vishikio vya zipu vidogo kama punje ya mchele. Sasa nimefunga kamba fupi kwenye kila zipu.

Swali kwa mleta uzi: kwenye baridi ya kileleni jaketi lako linatoa jasho kweli? Langu nikilivua ndani nakuta barafu.

#10 Mgumu wa Machame

Ndugu yangu wa Aberdeen, asante sana, hicho ulichokiona kipo na kwetu. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda Stella Point, ukingoni mwa kreta, mara nyingi baridi inafika kati ya nyuzi 10 na 20 chini ya sifuri. Mvuke wa mwili ukigusa kitambaa cha baridi hivyo unaganda kabla haujatoka. Nikifika Stella alfajiri nikafungua zipu, ndani kwenye mikono na mgongoni kumetanda barafu nyembamba kama sukari iliyomwagwa. Ikibaki hivyo haina madhara. Shida inakuja kwenye kushuka: ndani ya siku hiyo hiyo unateremka hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi, ile barafu inayeyuka ndani ya jaketi, na huko msituni mara nyingi mvua inakusubiri. Kwa hiyo nikifika kambi ya Barafu nalivua, naligeuza, nalikung'uta kwa nguvu, nalianika juani juu ya hema hata kwa nusu saa kabla ya kuendelea.

Dawa ya kwanza ni kutembea pole pole usitoe jasho. Watu wanadhani pole pole ni kwa ajili ya pumzi tu. Na zipu za kwapani, kama jaketi linazo, zinasaidia kuliko namba yoyote ya kwenye lebo.

Umenikumbusha kipimo ambacho watu hunishangaa nikiwaambia. Jirani yangu ana friza la kuuzia barafu na samaki. Nalilowesha jaketi, nalikung'uta, nalifunga zipu, naliweka mle ndani kwenye mfuko usiku mzima. Friza kama hilo linafika nyuzi 18 chini ya sifuri, ndiyo baridi ya kileleni hiyo. Asubuhi navaa glavu nalifungua. Zipu nyingine zinakataa kabisa, na hasa zile zilizopakwa mpira ili zisipitishe maji. Zipu ikigoma, nayakausha meno yake kwa kitambaa, naipaka mshumaa kidogo, narudia. Na upako dhaifu ukitoka kwenye friza unalia kama karatasi ukiukunja. Jaketi likilia hivyo silipeleki juu.

#11 Nanyuki Trekker

Habari wadau, niko Nanyuki upande wa Mlima Kenya. Huku njia ya Naro Moru, ukishapita Met Station, kuna kinamasi kirefu kabla ya kufika kambi ya Mackinder's. Unatambaa kwenye matope na nyasi ndefu zilizolowa hadi kiunoni. Kwa hiyo jaketi fupi halitoshi, maji yanatoka kwenye nyasi, si mawinguni. Tunachukua linalofunika makalio, na suruali ya mvua. Na hayo matope yakikauka kwenye kitambaa, zile shanga za maji mkuu anazozisema zinakwisha kabisa. Swali: nifue na nini? Mama watoto alifua langu na sabuni ya unga na laini ya nguo, likaharibika.

#12 Mgumu wa Machame

Pole sana mkuu, lakini huenda halijaharibika. Laini ya nguo inaacha mafuta kwenye kitambaa, na sabuni ya unga inaacha masalia yanayovuta maji, kwa hiyo kitambaa kinakunywa badala ya kufukuza. Lifue upya kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kufulia vifaa vya mlimani, kama ile ya Nikwax, ukiipata Nairobi. Ukikosa, sabuni ya mche kidogo sana. Suuza mpaka maji yatoke safi kama ulivyoyaweka, kisha suuza tena. Usilikamue kwa kulisokota.

Likikauka, pasha moto: pasi ya umeme kwenye moto mdogo kabisa, bila mvuke, ukitandika kanga kavu katikati. Joto linaiamsha ile dawa iliyolala. Pasi ya mkaa usithubutu, nimeona jaketi la mwenzangu likipata tundu la ukubwa wa sahani. Halafu nyunyizia maji. Yakijikunja shanga, limepona. Yakitandaa, dawa imeisha, nunua ya kupulizia.

Majaketi ya zamani yalikuwa na dawa kali zenye florini, zile wanazoziita PFAS, na zilifukuza hata mafuta. Zinaondolewa sokoni kwa sababu haziozi zikiingia kwenye maji na udongo, na mimi naunga mkono, maji ya mlima huu ndiyo tunayokunywa Moshi. Ila ujue jaketi jipya lisilo nazo linachoka haraka kwa mafuta na uchafu, kwa hiyo lifuliwe mara nyingi zaidi. Watu wanaogopa kufua majaketi haya. Uchafu ndio unaoyaua.

#13 BintiMwanza

Kaka, nimerudi na majibu. Jana nimefanya ya bafuni, dada yangu kanishikia mpira. Dakika ishirini nilidhani ni saa mbili. Begi niliweka mchele kilo nane kwenye mfuko. Fulana kavu kote, ISIPOKUWA doa moja la saizi ya shilingi mia mbili bega la kulia, na ukifuata juu linakutana na mshono. Nimeligeuza jaketi: tepu imenyanyuka kama urefu wa kidole. Nimekata tamaa, ninunue jingine?

#14 Mgumu wa Machame

Usikate tamaa dada, hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote kwenye uzi huu. Tundu moja, umelijua lilipo, na bado una wiki sita.

Pasafishe hapo kwa pamba yenye spiriti, subiri pakauke kabisa. Irudishe tepu kwa pasi ya moto mdogo, kanga katikati, ukibana sekunde chache na kuachia, si kusugua. Ikikataa kushika, ibandue kipande hicho chote na upake gundi maalumu ya mishono ya mahema, tabaka jembamba lililovuka kila upande wa mshono kwa nusu sentimita, acha siku nzima. Usitumie ile gundi ya dakika moja, inakauka ngumu na itapasuka ukikunja bega. Kisha rudia bafuni, mchele ule ule, dakika zile zile.

#15 Fundi Memorial

Dada ukipitia Moshi kabla ya kupanda leta, tepu ya kupiga pasi ninayo kidogo, sitakudai.

#16 BintiMwanza

Asanteni sana nyote. Nimepaka gundi Jumamosi, nimerudia leo asubuhi. Nimevaa fulana ya kijivu ileile. Kavu. Dada yangu kaikagua hadi kwapani. Kilichobaki ni friza, na hapa mtaani anayelo ni muuza samaki wa Kirumba, nimeshamwomba, amesema nilete jioni akishamaliza kuuza.

#17 Mgumu wa Machame

Lifunge kwenye mifuko miwili lisinuke samaki. Na ukilitoa asubuhi, vaa glavu zile zile utakazopanda nazo, usijaribu kwa mikono mitupu.